Mlango wa Mto si Karai Moja

Wako wanaodhani kwamba mlango wa mto ni mfano wa karai: samaki mchanga akistawi upande huu, amestawi kote. Siafikiani nao. Kila kijito cha mikoko kina joto lake na chakula chake. Mkizi mchanga aliyeko mahali ambapo chumvi hupanda na kushuka ghafula hutumia nguvu nyingi kuisawazisha mwilini, nguvu ambazo zingemkuza. Naye anayechelewa kukua hubaki chambo cha wakubwa.

Kipimo kipo. Mwaka wa 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki huongeza duara kila siku. Maduara yakiachana, samaki alikua upesi; yakibanana, alidumaa.

Walimu wenzangu, hili si somo la maabara tu. Mto Tana, unaoingia baharini Kipini, ulijengewa bwawa la Masinga mwaka wa 1981 na la Kiambere mwaka wa 1988, na maji yaachiliwayo huko juu yana sauti katika chumvi ya huku chini. Je, mtaalamu anayetupa wavu mahali pamoja, akahesabu vichwa na kwenda zake, atawaeleza nini wavuvi wa Kipini?