Umri Pekee Hautoshi Kabla ya Upasuaji

Mzee wa miaka 75 wa Busunzu ambaye bado hupalilia maharage yake huenda akahimili upasuaji wa ngiri vizuri kuliko mwenye miaka 60 aliyekonda, ambaye huinuka kitini kwa kushikwa mkono. Hata hivyo, faili hutaja umri, shinikizo na kiwango cha damu. Udhaifu wa mwili haumo. Huo ni upungufu usio na udhuru, kwani kipimo hakihitaji mashine. Mgonjwa atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama huitumia. Akitumia zaidi ya sekunde 5, aulizwe kuhusu kukonda, kuchoka na kuanguka. Upasuaji ukiweza kusubiri, chakula bora na mazoezi vianze nyumbani, kabla ya safari ya Kibondo. Jamaa nao waelezwe mapema kwamba huenda kidonda kikapona lakini nguvu za kushika jembe zisirudi.