Acheni Kuambia Watu Wafute Python

Kila wiki lazima nipate meseji kama hii kwa inboksi: "Buda, nimeinstoli pandas mara tatu na Python bado inasema haiioni. Nifanyeje?" Na kila wiki, kwa komenti, lazima mjuaji fulani amjibu mtu mwenye shida hiyohiyo: "Futa Python zote, anza upya."

Wewe mjuaji, leo tuongee.

Huyo msee hajui tu anaongea na Python gani. Laptopu yake ya ex-UK kama iko na Ubuntu, ilikuja na Python tayari, juu mfumo wenyewe unaitumia kwa kazi zake. Akaongeza 3.13. Kisha mtu akamwambia aweke Anaconda, nayo ikaja na yake. Sasa pip inaweka pakeji kwa moja, programu inaendeshwa na ingine. Ni kama kulipia sukuma kwa mama mboga wa stage hii halafu uende kuitisha mzigo kwa yule wa stage inayofuata. Hakuna aliyekuibia. Umekosea tu kibanda.

Na kuwa na Python nyingi si aibu. Siku hizi toleo jipya linatoka kila Oktoba. 3.12 ilipotoka 2023 iliondoa distutils, na pakeji kadhaa za zamani zikagoma papo hapo. Mradi wa mteja unaweza kutaka 3.11, wako unataka 3.13, na laptopu ni hiyo moja. Utafuta gani?

Mimi nilifuta. Nilikuwa nimepata kazi ya kwanza ya pesa: skripti ya kusoma risiti za duka moja la simu na kuzipanga kwa Excel. Elfu nane, nipeane Jumamosi asubuhi. Ijumaa usiku pandas ikakataa, nikaona video, jamaa akasema "toa Python ya zamani kwanza". Nikaandika sudo apt remove python3. Ikanipa orodha ndefu ya vitu vitakavyoenda nayo, ndefu kama risiti ya supamaketi mwisho wa mwezi. Sikusoma. Nikabonyeza Y. Kuwasha tena, hakuna desktopu, ni skrini nyeusi na maandishi meupe yananitazama. Mteja alinipea mpaka saa sita mchana, akatafuta mtu mwingine. Kampo nilikaa semesta tatu kabla karo inishinde, na hakuna siku mtu alitamka neno venv.

Na venv si siri. Iko ndani ya Python tangu 3.3, mwaka 2012. Folda ya mradi inabeba pakeji zake yenyewe na inakumbuka ni Python gani iliyoizaa. Ukiharibu, unafuta folda, mfumo wako haujaguswa. Hiyo ndiyo "futa" pekee ninayoikubali.

Tangu 2023, Debian 12 na Ubuntu 23.04 zinakataa pip install ovyo nje ya venv, ati Python hiyo inasimamiwa na mfumo. Wajuaji mkapata dawa: ongeza --break-system-packages. Maze, soma hiyo kitu polepole. Inasema vunja pakeji za mfumo! Jina lenyewe ni onyo na bado mnaambia mtoto wa Form Four aipesti.

Najua mtaniambia venv inakula nafasi na bando. Nafasi, sawa, ukiwa na diski ya 128GB utaisikia. Bando hapana. Pip inaweka akiba ya ilichopakua, kwa hivyo mradi wa pili ukitaka toleo lilelile kwa Python ileile, inachukua hapo kwa akiba.

Mkianza kufundisha, anzeni hapa, ni dakika kumi. Kwa Ubuntu andika which -a python3, kwa Windows py -0, uone ziko ngapi. Halafu chagua: py -3.11 -m venv .venv. Iamshe. Kisha python -m pip install pandas, si pip tupu, ndio ujue hiyo pip ni ya nani. (Watu wa uv, nawaona. Iko na kasi, hata mimi naitumia. Lakini mtu ajue kwanza inamfanyia nini.)

Mnaruka hii sehemu kwa sababu haina views. Mtu anataka kuona roboti ya WhatsApp dakika ya tatu. Naelewa, nilifanya hivyo pia. Video yangu ya kwanza ya Python, ile imetazamwa kuliko zote, dakika ya pili nasema "andika tu sudo pip install" nikicheka. Jana usiku nimeitoa. Kama uliifuata na mashine yako ikakwama, niandikie, nitakaa na wewe mpaka iwake.