Mwenye Mnyama na Mwenye Shamba

Kila msimu mpunga unapoanza kuinamisha vichwa katika mabonde ya Mpimbwe, swali moja hurudi katika vikao vya vijiji vya Mkoa wa Katavi. Je, ni halali kumwua mnyama anayekula shamba? Na akiisha kufa, ni nani mwenye haki ya kula nyama yake? Afisa hujibu kwa kifungu cha sheria, mkulima hujibu kwa tumbo la watoto wake, na kikao hufungwa pasipo uamuzi. Mwezi ufuatao tunasikia kwamba kiboko ameuawa usiku, nyama yote imekwisha kabla ya jua kuchomoza, na hakuna aliyeona kitu.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya Bara, ya watu wakaao na tembo. Tunamwomba astahimili kidogo, kwa kuwa Visiwani nako yako ya kujifunza katika jambo hili, tena mengine ni ya majuto.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na baadaye ikapanuliwa hata kufikia kilometa za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi viboko wa Mto Katuma hujazana katika madimbwi machache, mgongo kwa mgongo, na yeyote apitaye darajani pale Sitalike huwaona bila kulipa hata senti moja. Miaka ya karibuni maji ya mto huo yamekuwa yakipungua mapema, na sababu moja ni mifereji ya kumwagilia mashamba iliyochimbwa na wakulima wa upande wa juu. Kiboko akikosa maji na majani hutoka, naye hana habari ya mpaka uliochorwa Dar es Salaam au Dodoma. Nyati hutoka, tembo hutoka, na nyani hawakupata kuheshimu mpaka wowote tangu dunia iumbwe. Usiku mmoja watosha kumaliza kazi ya miezi mitano.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haikumwacha mkulima mikono mitupu. Imetambua kwamba mtu aweza kumwua mnyama kwa kuokoa maisha yake au mali yake, ili mradi hakumchokoza, na kisha atoe taarifa. Lakini mnyama huyo aliyekufa, nyama yake, ngozi yake na meno yake, ni mali ya Serikali. Hapo ndipo penye fundo. Mnyama akiwa hai ni wa Serikali; akifa ni wa Serikali; ila mpunga aliokula ulikuwa wa mkulima, na hasara imebaki kwa mkulima.

Sisi tuliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali tunaikumbuka kesi ya namna hii. Imetajwa katika Sura ya Manabii. Kondoo wa watu walitoroka usiku wakaingia katika shamba la mtu mwingine wakaliharibu. Wafasiri wanatueleza kwamba Nabii Daud alihukumu kondoo wote wapewe mwenye shamba. Mwanawe Suleiman akaona hukumu nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo apate maziwa yao na sufi yao, na mwenye kondoo ashike jembe alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, hapo ndipo kila mmoja arudishiwe mali yake. Na wanavyuoni wakaendelea kufafanua kwamba mchana ni wajibu wa mwenye shamba kulinda shamba lake, lakini usiku ni wajibu wa mwenye mnyama kumzuia mnyama wake.

Tuitafakari hukumu hiyo kwa makini, maana inatuhusu. Kondoo hawakuchinjwa wote kwa ghadhabu. Shamba halikusahauliwa. Aliyeharibiwa alikula maziwa ya aliyemharibia mpaka hasara yake ikafutika. Basi ikiwa Serikali ndiyo mwenye kondoo, maziwa ya kondoo hao ni fedha za watalii na ada za vitalu vya uwindaji. Ni kweli kwamba sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini. Shirika la Hifadhi za Taifa lina utaratibu wake wa ujirani mwema, na madarasa na zahanati zimejengwa. Tunashukuru. Lakini darasa haliwezi kurudisha ekari mbili za mpunga za mama mjane ambaye hana mtoto wa kumpeleka katika darasa hilo. Hasara ilikuwa yake peke yake, na malipo yamekuwa ya wote.

Kwa ajili ya mtu mmoja mmoja kuna kile kiitwacho kifuta jasho, na kwa wafiwa kifuta machozi. Majina yenyewe yanasema kweli: Serikali haikusudii kulipa fidia, inakusudia kutoa pole. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Kwa mazao ziliweka kiwango kwa ekari kwa kutazama umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, wala hazikuvuka ekari tano. Aliyelima karibu sana na mpaka hakupata kitu, kwa hoja kwamba amejitakia. Hoja hiyo ina nguvu kwa yule aliyehamia juzi akafyeka pori akijua yaliyopo. Kwa Mpimbwe au Mbende ambaye makaburi ya babu zake yako pale pale, na mpaka ndio uliosogea ukamfuata, haina nguvu hata chembe. Na hata yule anayestahili husubiri: fomu hutoka kijijini kwenda wilayani, wilayani kwenda wizarani, na mwaka hupita. Mtu aliyelala njaa mwezi wa Machi hafutwi jasho kwa hundi ya mwaka wa pili.

Hata hivyo kada asiyesema upande wa pili anawadanganya wananchi, na kuwadanganya wananchi si kuwatumikia. Mkulima na mfugaji nao wana lao la kujibu.

Tuchukue suala la simba. Tangu miaka ya 1970 ndugu zetu Wasukuma wamekuwa wakihamia Rukwa na Mpanda pamoja na ng'ombe wao, na wameijenga nchi kwa jasho lao. Hakuna mwenye haki ya kuwaita wageni. Katika mila yao, kijana aliyemwua simba mla ng'ombe hupambwa, akazunguka kaya kwa kaya akicheza, na wenye mifugo humtunza kwa ng'ombe na fedha. Mwanzo wake ulikuwa wa haki. Simba amekula mali ya jamii, kijana amehatarisha roho yake kwa ajili ya wote, na wote wanamlipa. Lakini watafiti waliofanya kazi Katavi kwa miaka mingi walionyesha jinsi mambo yalivyogeuka. Zawadi zilipokuwa nono, wako vijana walioacha kumngoja simba aje zizini. Waliingia hifadhini kumtafuta simba ambaye hajala hata ndama mmoja, wakamwua, wakaja kucheza. Hapo si ulinzi wa mifugo tena. Ni biashara iliyovaa nguo za mila.

Ilipendeza kuona kwamba dawa haikutoka mahakamani peke yake. Kazi iliyojulikana kwa jina la WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilikwenda kwa wazee, kwa mabaraza ya jadi na serikali za vijiji, na vijiji vikajitungia sheria ndogo kuhusu mchezo huo. Wasukuma wenyewe ndio waliotenganisha simba mwizi na simba asiye na hatia, na aliyefanya hivyo kwa hiari yake hahitaji askari wa kumsimamia.

Basi tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yetu: kumwua mharibifu si sawa na kukiua kizazi. Na hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa Visiwani. Unguja ilikuwa na chui wake, tofauti na wa Bara, mdogo wa umbo na mwenye madoa ya kusongamana. Watu wakaamini kwamba chui hao wanafugwa na wachawi na kutumwa kudhuru. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ukaja msako ulioongozwa na mganga Kitanzi, uliounganisha kuwasaka wachawi na kuwaua chui, na wenye mamlaka hawakuuzuia. Chui walichukuliwa kuwa wanyama waharibifu, wakaendelea kuwindwa. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu walikuwa karibu kukata tamaa ya kumwona tena. Mwaka 2018 kamera ya watengenezaji wa filamu ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa ndiye, na habari zikaenea duniani. Lakini picha moja ya usiku si kizazi. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Mbuzi walioliwa walikuwa mbuzi kweli, na hofu ilikuwa hofu kweli. Tunasema kwa sababu huo ndio mwisho wa njia ambayo vijana wa Katavi walikuwa wameanza kuifuata.

Kinyume chake mtazameni kima punju wa Jozani. Wakulima walimlalamikia kwa kula nazi changa, na ungeuliza shauri miaka hiyo wengi wangesema auawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ukaonyesha kwamba kwa jumla hakupunguza mavuno ya nazi. Kula kwake nazi changa kulikuwa kama kupunguliza mti. Mshitakiwa alikuwa karibu kunyongwa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Wako wadudu na ndege ambao hawana wakili, nasi hatumtafutii. Nzige wekundu wana mazalio yao katika mbuga za Rukwa na Iku-Katavi, na pigo lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi 1944 likatapakaa karibu nusu ya kusini ya Afrika. Asiyewaua nzige hao anawaua watu. Lakini hata hapo namna ya kuua ina hukumu yake. Mwaka 2009, makundi yalipoanza kujikusanya, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza hekta zipatazo 10,000 katika Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi kwa kuvu inayoshambulia nzige na panzi peke yao. Ndege waliokula nzige hawakufa, na samaki hawakuelea juu ya maji. Mlinganishe huyo na mtu apakaye sumu mzoga wa ng'ombe ili amkomoe simba mmoja: hufa simba, hufa fisi, hufa tumbusi kwa makumi, na pengine mbwa wa jirani.

Imebaki nyama. Uislamu uliruhusu kuwinda kwa ajili ya chakula, ukaweka adabu: litajwe jina la Mwenyezi Mungu, mnyama asiteswe, na asiuawe kiumbe kwa mchezo. Wakristo na wenye dini za jadi nao wana miiko yao. Wabende wanasimulia kwamba roho ya Katabi inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka zao hapo. Hakuna katika wote hao aliyefundishwa kwamba mwenye njaa anayekula swala ni mwovu. Waliofundisha hivyo kwanza walikuwa Wajerumani, kwa amri zao za mwaka 1896, nao walijiachia wenyewe ruksa ya kuwinda.

Mwaka 2023 mwanamke mmoja wa nyanda za juu kusini alihukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande vya nyama ya swala. Nchi nzima ilishituka, na Mahakama Kuu ikamwachia. Miaka 15 nyuma yake, mwaka 2008, ripoti ya shirika la TRAFFIC juu ya kambi za wakimbizi za kaskazini-magharibi ilieleza kwamba nyamapori ilikuwa na jina la siri, mchicha wa usiku, kwa sababu posho ya wakimbizi haikuwa na nyama. Anayekula mchicha wa usiku kwa kukosa kitoweo hawezi kuwekwa kapu moja na anayepakia nyama kavu katika lori kupeleka mjini, wala na jangili wa pembe za ndovu. Sheria yetu ina adhabu kali. Haina macho ya kutosha ya kutofautisha.

Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Ni hatua njema, ila bucha la mjini humnufaisha mwenye mtaji na mwenye fedha za kununua kilo. Mkulima wa Usevya au Majimoto yuko nje akichungulia.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara mambo ambayo hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mnyama mharibifu akiuawa na Bwana Nyama au na mwananchi aliyetoa taarifa, pembe na meno yaende Serikalini, lakini nyama igawiwe pale pale chini ya mkono wa serikali ya kijiji, ikianzia kwa aliyepoteza shamba. Kifuta jasho kilipwe wilayani, ndani ya msimu ule ule, kutoka katika mapato ya hifadhi yenyewe pasipo kuzunguka Hazina. Kijiji kitakachoficha mtego wa waya au sumu kipoteze haki hiyo kwa mwaka mzima, na wanakijiji watajua wenyewe nani wa kumwuliza. Na walinzi wa usiku, wenye tochi, madebe na pilipili ya kufukuzia tembo, walipwe posho na mwenye mnyama, kwa kuwa usiku ni zamu yake.

Mvua zikianza kunyesha mbegu itaingia ardhini. Uamuzi ukitolewa kabla ya hapo, mkulima wa Mpimbwe atajua kama alinde shamba lake kwa filimbi au kwa gobore.