Msiniombee Nitoke Uswahilini

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisimama kanisani kwetu akatangaza kwamba mwaka huu Mungu anawatoa watu wake uswahilini na kuwaingiza kwenye nyumba zenye geti. Kanisa zima likaitika amina. Mimi sikuitika, na hasira haijanitoka hadi ninapoandika haya.

Tangu lini uswahilini pamekuwa Misri? Naishi Magomeni, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita: baraza mbele, korido katikati, uani mwembe na mpera. Mimi na mume wangu tulikuwa na fedha ya kiwanja Bunju. Tulijadiliana miezi, tukanunua hii. Ndugu walitupa pole kama tuliofilisika.

Mtaa naupima kwa chumvi. Mboga iko jikoni, chumvi imekwisha: mtoto wa miaka minane anaweza kutumwa dukani kwa miguu akarudi salama, chungu kikiwa bado motoni? Kwetu anaweza. Anapita baraza tatu zenye watu wazima wanaomjua kwa jina, na mmoja wao lazima amwulize kama amehesabu chenji. Kwa kaka yangu huko Bunju, chumvi ya shilingi 500 inafuatwa na bodaboda ya shilingi 2,000. Mtoto amebaki ndani ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa, anatazama katuni. Haya ndiyo tunayoombewa kwa machozi!

Chumvi hiyohiyo inaeleza mengine yote. Mahali mtoto anapofika dukani kwa miguu, bibi anafika zahanati kwa miguu, na mama anafika sokoni bila kumwomba mtu lifti. Kutoka Magomeni Mapipa hadi Kariakoo natembea dakika kama 40 bila kukaza mwendo. Nikichoka, mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016. Kaka anaamka saa kumi alfajiri awahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo, anarudi saa tatu usiku watoto wamelala. Sebule aliyoijenga kwa miaka sita anaikalia Jumapili.

Wananiambia uswahilini hakuna siri, jirani anajua umepika nini. Akijua umepika dagaa, kuna nini? Mtu mzima anahama zaidi ya kilometa 25 kukimbia pua ya jirani, kisha mkewe akishikwa na uchungu usiku wa manane anaanza kutafuta nani ana gari na anakaa wapi. Kwetu unagonga ukuta wa chumba.

Dharau hii kwa uswahilini tumeirithi. Wajerumani na Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi: uzunguni bustani na upepo wa bahari, uhindini maduka, uswahilini Mwafrika na udongo wake. Sisi tumewafukuza wenye ramani, ramani tumeibakiza vichwani. Tunasahau kwamba chama cha TANU kilizaliwa 1954 hukohuko, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, jirani na Kariakoo, na kwamba Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni, kwenye nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Uhuru wenyewe ulipangwa na watu wa uswahilini, waliofuatana mikutanoni kwa miguu.

Na wanaotuharibia mitaa hii ni haohao wanaoiona aibu. Mzee anafariki, warithi wanauza nyumba ndani ya mwaka. Mnunuzi anakata mwarobaini, anamwaga zege uani, anajenga fremu za maduka mpaka ukingoni mwa barabara, na wateja wake wanaegesha magari penye njia ya waenda kwa miguu. Mama yangu ana miaka 74. Wiki iliyopita alilazimika kushuka barabarani kukwepa gari lililoegeshwa, bajaji ikamkosa kwa shubiri. Nani aliyewapa njia ile? Nimeuliza kwenye ofisi mbili, na zote mbili nimeambiwa nirudi kesho.

Baada ya ibada nilimsubiri mhubiri mlangoni. Nikamwambia, "Shikamoo mchungaji. Kwenye maombi yale, jina langu naomba uliondoe. Mimi Magomeni nimepachagua." Akaniuliza nina watoto wangapi, kama mtu anayetafuta pa kunihurumia. Nikamjibu wawili, na kwamba wote wawili walikuwa wameshatangulia nyumbani, kwa miguu.