Nakala za Akiba: Tugawe kwa Uzito, Si kwa Idadi

Katika kila taasisi inayotunza kumbukumbu zake ndani ya kompyuta, iwe hospitali, benki au chuo, iko kazi moja inayofanywa usiku ambayo wananchi hawaioni, nayo ni kuchukua nakala ya akiba ya hifadhidata. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nakala za kompyuta msemo huo hauna budi kuongezewa sharti: akiba hiyo iwe imekamilika, na iwe imekamilika kwa wakati. Nakala ambayo haijamalizika asubuhi, wagonjwa wanapoanza kupanga foleni dirishani, aghalabu hukatizwa ili mashine ipate nafasi ya kuwahudumia. Ikikatizwa, siku hiyo taasisi haina akiba. Makala haya yanatetea rai kwamba dawa ya kwanza ya maradhi haya ni hesabu, wala si ununuzi wa mitambo mipya.

Hifadhidata kubwa kwa kawaida haikai katika faili moja. Hutawanywa katika faili nyingi, baadhi ndogo mno na baadhi kubwa mno. Kuzinakili moja baada ya nyingine huchukua muda mrefu, na kwa sababu hiyo programu nyingi huruhusu kazi kadhaa za kunakili ziende sambamba. Hapo ndipo linapozuka swali: faili ipi ipewe kazi ipi? Wengi hulijibu kwa idadi. Faili ni 12, kazi ni 4, basi kila kazi ipewe faili 3. Mgawo huo una sura ya usawa, lakini ni sawa na kuwapa wachukuzi wanne mizigo mitatu kila mmoja bila kutazama nani amepewa magunia ya saruji na nani amepewa vikapu vitupu.

Na tutazame mfano. Tuseme faili hizo 12 zina ukubwa wa gigabaiti 120, 110, 90, 80, 60, 50, 40, 40, 20, 15, 10 na 5, na kwamba kila kazi hunakili gigabaiti 1 kwa dakika. Jumla ni gigabaiti 640, hivyo kazi 4 haziwezi kumaliza kabla ya dakika 160. Tukigawa tatu tatu kwa kufuata orodha hiyo, kazi ya kwanza itabeba gigabaiti 320, ya pili 190, ya tatu 100, na ya nne 30. Kazi ya nne itamaliza kwa nusu saa na kukaa bure, hali ya kwanza itaendelea kwa saa 5 na dakika 20. Na nakala haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka kazi ya mwisho imalize.

Sasa tubadili kanuni. Tuanze na faili kubwa kuliko zote, tuteremke hadi ndogo kuliko zote, na kila faili tuipe kazi ambayo kwa wakati huo ina mzigo mdogo kuliko nyingine. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu mwenyewe. Ataona kwamba kila kazi inaishia na gigabaiti 160 kamili, yaani saa 2 na dakika 40. Muda umepungua kwa nusu, na hakuna hata senti moja iliyotumika.

Si kila mara kanuni hii huleta matokeo mazuri kiasi hicho. Chukua faili 5 zenye ukubwa wa 3, 3, 2, 2 na 2, zigawiwe kazi mbili. Kanuni yetu itatoa 7 na 5, ingawa mgawo wa 6 na 6 unawezekana. Mwanahisabati wa Marekani, Ronald Graham, aliyefanya kazi katika maabara za Bell, alilichunguza jambo hili katika makala zake za 1966 na 1969. Alithibitisha kwamba kwa kazi 4, kanuni ya kuanza na kubwa haiwezi kamwe kuuzidi muda ulio bora kwa zaidi ya robo. Alithibitisha pia kwamba tukigawa kwa mpangilio wowote, mradi kila kazi inapopata nafasi ichukue faili inayofuata, ziada haitapita robo tatu. Lakini anayegawa kwa idadi tu, bila kungoja kazi ipi imepata nafasi, hana hata dhamana hiyo.

Huenda ikaulizwa kwa nini tusitafute mgawo ulio bora kabisa. Faili 12 kwa kazi 4 zinaweza kugawiwa kwa njia 16,777,216, na kompyuta inaweza kuzipitia zote. Lakini faili zikiwa 40, idadi ya njia huwa na tarakimu 25. Mwaka 1972 Richard Karp aliliweka tatizo la kugawa namba katika mafungu mawili yaliyo sawa miongoni mwa matatizo 21 ambayo hadi leo hakuna aliyegundua njia ya haraka ya kuyatatua kwa kila hali. Busara basi ni kuridhika na kanuni rahisi iliyo karibu na ubora, kuliko kuutafuta ukamilifu mpaka kunakucha.

Wako watakaosema kwamba mambo haya tuwaachie watengenezaji wa programu. Ni kweli kwamba baadhi yao wameyashughulikia. PostgreSQL, kwa mfano, ilianza mwaka 2013 kuruhusu kunakili kwa kazi sambamba, na programu yake hutanguliza majedwali makubwa. Hata hivyo programu haiyajui yote ambayo fundi hana budi kuyajua, na hapa nitataja mambo matatu.

Kwanza, faili moja ikiuzidi wastani wa mzigo wa kila kazi, hakuna mgawo utakaosaidia. Katika mfano wetu, faili ya gigabaiti 300 ingechukua dakika 300 hata tukiwa na kazi 100. Faili ya namna hiyo yapasa ikatwe vipande, na mifumo kadhaa, Oracle ikiwamo, inaruhusu jambo hilo.

Pili, kazi 4 zinazosoma diski moja ya sumaku si kazi 4 kwa hakika. Kichwa cha kusomea ni kimoja, nacho hulazimika kurukaruka kutoka faili hadi faili, hata kunakili kukawa polepole kuliko kazi moja inayosoma kwa mfululizo. Yatupasa tuhesabu diski na njia za kupitishia data kabla hatujahesabu kazi.

Tatu, kazi zote hazina budi kuiona hifadhidata kama ilivyokuwa katika dakika ile ile. Jedwali la malipo likinakiliwa saa 6 usiku na jedwali la madeni saa 8, mtu aliyelipa saa 7 ataonekana katika nakala kuwa deni lake limefutwa bila malipo yoyote.

Liko pia jambo lililo kubwa kuliko hayo yote. Kasi ya kunakili ni bure ikiwa kurejesha hakujajaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mtumishi mmoja alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Ikagunduliwa kwamba nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimya kimya, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Walinusurika kwa nakala nyingine iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa 6 kabla ya mkasa, na kuirejesha kulichukua saa 18 hivi kwa sababu ya diski za polepole. Mgawo mbaya wa mzigo, basi, hautugharimu usiku tu. Hutugharimu pia mchana wa maafa, wakati kila saa inapongojewa.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kila taasisi na iandike kila asubuhi muda uliotumiwa na kila kazi ya kunakili, si muda wa jumla peke yake, kwa maana tofauti baina ya kazi ya kwanza kumaliza na ya mwisho ndiyo kipimo cha mgawo. Vyuo vyetu navyo vifundishe hesabu hizi kwa faili halisi, na kila zoezi la kunakili lifuatwe na zoezi la kurejesha. Ombi la kununua mtambo mpya lije baada ya hapo, likiwa na vipimo mkononi.