Banda la Magari Mawili: Jibu kwa Wanaoidharau Handeni na Korogwe

Ipo kauli ipendwayo sana siku hizi na watu wa elimu, nayo ni kwamba gari la umeme ni chombo cha Ulaya na Uchina, na likishuka Afrika litaishia Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Handeni na Korogwe, wasema, hazimo. Kauli hiyo husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba msemaji awatetea watu wa shamba wasidanganywe na wafanya biashara. Lakini mtu akiichungua hataiona huruma. Ataona uvivu wa kupiga hesabu.

Yafaa kuanza na umeme wenyewe. Korogwe ni jirani wa umeme kuliko miji mingi ya Tanzania. Mitambo ya Hale, katika wilaya hiyo hiyo, ilifunguliwa mwaka 1964 ikiwa na nguvu ya megawati 21. Na chini kidogo ya hapo, kwenye maporomoko ya Pangani, pana kituo cha megawati 68 kilichomalizwa mwaka 1995. Kabla ya vyote viwili kilikuwapo kingine, tangu miaka ya 1930, kilichoyahudumia mashamba ya mkonge. Kwa muda mrefu mwanakijiji wa huko aliziona nyaya nene zikipita juu ya paa lake, na jioni akawasha kibatari. Handeni nayo, ambayo ukame wake umetungiwa masimulizi mengi, hupata maji yasukumwayo kwa mashine kutoka mto uo huo wa Pangani, upande wa Korogwe. Mji unywao maji kwa nguvu ya umeme waambiwa kuwa umeme si jambo lake!

Sasa hesabu. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 za lami. Na ichukuliwe nyumba moja ya Handeni yenye magari mawili ya umeme: la mume huenda Korogwe kila siku na kurudi, la mke huzunguka mjini kilometa 20. Gari la kadiri hula yuniti 16 hivi katika kilometa 100. La kwanza basi litahitaji yuniti 21 kila usiku, la pili tatu au nne. Magari yamelala bandani tangu saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, yaani saa kumi kamili. Lile la mbali likipewa ampia 14 kwa volti 230, saa hizo zitaleta yuniti 32; lile la mjini likipewa ampia 6, litapata karibu 14. Hata ikitolewa sehemu ya kumi ipoteayo kwa joto, yote mawili yamekwisha kujaa kabla ya alfajiri. Jumla ni ampia 20, mzigo ambao njia ya kawaida ya nyumba yaweza kuubeba wakati pasi na jiko vimezimwa.

Kwa nini, basi, wasomi husema haiwezekani? Kwa sababu wamesoma vijitabu vya wauzaji. Muuzaji wa nchi za nje humpa kila mwenye gari chombo cha ampia 32 kitoacho kilowati saba na zaidi. Vikiwa viwili ni ampia 64, na hapo kweli bureka ya nyumba huanguka, na mwenye nyumba huambiwa avute fezi tatu kwa gharama kubwa. Msomi huyaona hayo, akatikisa kichwa, akaandika kuwa shamba hapafai. Hakujiuliza gari lina haraka gani usiku kucha. Mama wa Handeni angemfundisha: bomba likitoa maji kidogo kidogo, ndoo huachwa chini yake ikalala hapo, na asubuhi imejaa. Wala hakuna aliyepata kudai bomba nene ili ndoo ijae kwa dakika moja huku yeye amelala.

Lugha nayo imechangia kosa. Vitabu vya maelekezo, vinapofasiriwa, humwambia mtu achaji gari lake katika gereji. Korogwe gereji ni mahali gari lipelekwapo likiugua, penye mafuta meusi na chuma kikuukuu; nyumba ya kulaza gari ni banda. Msomaji wa Manundu aelewe kwamba amshushe fundi wa magari usiku? Jambo hili laonekana dogo na la kuchekesha, lakini katika kijitabu kile kile ndimo zilimo tahadhari za moto na za mshtuko wa umeme, nazo hufasiriwa na mkono ule ule, au huachwa katika Kiingereza na Kichina.

Maana hatari ipo, na hapa wapinzani wangekuwa na hoja kama wangejitaabisha kuitafuta. Soketi ya ukutani iliyofungwa kwa ajili ya redio na pasi haikukusudiwa kubeba ampia 13 kwa saa kumi mfululizo, kila usiku, mwaka mzima. Plagi hupata moto, plastiki hulainika, na bandani pana mbao. Ekstensheni ya dukani ni mbaya zaidi. Kila gari lapasa kuwa na waya wake mnene utokao moja kwa moja kwenye meni swichi, na bureka yake, na kifaa cha kukata umeme mara uvujapo. Lililo kubwa kuliko yote ni waya wa ardhi. Nondo ya shaba iliyozikwa karibu na mto, Korogwe, hukuta udongo wenye unyevu, na umeme uliovuja hupata njia ya kushukia. Nondo ile ile ikizikwa Handeni wakati wa kiangazi, katika udongo uliokauka, yaweza kuwa kama haikuzikwa: ipo kwa macho, lakini haipokei kitu. Huko yapasa kuchimba kwa kina zaidi, au kuzika nondo mbili tatu zilizounganishwa, kisha kupima kwa chombo, na kupima tena wakati wa jua kali. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, wala si ya kijana yeyote mwenye koleo.

Hata hivyo wenye magari mawili ni wachache, na haifai kugombana kwa ajili yao tu. Chombo cha Handeni ni pikipiki. Pikipiki ya umeme ya bodaboda yaweza kula yuniti tatu kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni yuniti 78. Nambari hiyo ina ubaya wake. Katika bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, nyumba itumiayo wastani usiozidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo. Nyumba izidishayo huhamishiwa bei ya 292, na kwa yuniti zote, tangu ya kwanza. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 40 hulipa 4,000. Ikiongeza pikipiki, yuniti huwa 118 na malipo 34,456. Katika nyongeza hiyo, shilingi 7,680 hazikwenda kwa pikipiki hata kidogo: ni faini ya taa na redio zilezile za jana.

Hapana anayesema kwamba faini hiyo humrudisha mtu kwenye petroli. Lita moja na nusu kwa siku ni lita 39 kwa mwezi, na hata lita ikihesabiwa shilingi 2,500 tu, ni 97,500. Umeme washinda bado. Lakini kanuni iliyowekwa kumlinda maskini isigeuzwe kuwa adhabu siku anapopata chombo cha kumwondolea umaskini.

Yapo ya kukubaliwa. Umeme hukatika, na usiku mmoja wa kukatika humtia mwenye bodaboda hasara ya siku nzima, ambapo mwenye gari lenye betri kubwa hahisi kitu. Betri ya akiba yahitajika, nayo ni ghali. Lakini lisisemwe tena kwamba umeme hautoshi. Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye megawati 2,115, lilipata mtambo wake wa tisa na wa mwisho mwaka 2025, na saa za usiku wa manane ndizo saa ambazo nchi hutumia umeme kidogo zaidi.

Kenya ilikwisha kuliona hilo. Mwaka 2023 iliweka bei ya pekee ya vyombo vya umeme: shilingi 16 za huko kwa yuniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo. Tanzania yaweza kufanya jambo jepesi zaidi: kumpa mwenye chombo Luku ya pili, iliyofungwa bandani, isomwe mbali na ile ya nyumba, ili mama wa Chanika aendelee kulipia taa yake shilingi 100 hata kama mwanawe, nje ya dirisha, anachaji pikipiki.