Valentino Hakuwa Mshenga

Hadithi ya siku ya wapendanao inafahamika. Kaisari Klaudio wa Pili aliwakataza askari wake kuoa, padri mmoja wa Roma aitwaye Valentino akawa anawafungisha ndoa kwa siri, akakamatwa, akakatwa kichwa Februari 14. Hapa Lushoto utaisikia kwenye semina za vijana wa kanisa, redioni, hata kwa muuza mitumba anayetundika fulana nyekundu mbele ya kibanda wiki hiyo. Asiyeipenda sikukuu yenyewe naye anaitegemea: "Hayo mambo ya Wakristo, sisi hayatuhusu." Pande zote mbili zinakubaliana kwamba siku hii imetoka kanisani. Haikutoka huko.

Klaudio alitawala mwaka 268 hadi 270, na hakuna maandishi ya enzi zake yanayotaja katazo hilo la ndoa. Masimulizi ya kale ya Kanisa yana Valentino wawili, padri wa Roma na askofu wa Terni, ambao huenda ni mtu yuleyule. Yanaeleza uponyaji, imani na kifo cha mfia dini. Maharusi hawamo. Mapenzi yaliingia zaidi ya miaka elfu moja baadaye kwa kalamu ya Mwingereza, Geoffrey Chaucer, aliyetunga katika miaka ya 1380 shairi la ndege wanaokusanyika siku ya Valentino kuchagua wenzi. Wakubwa wa Ulaya wakaupenda mchezo huo, na karne ya 19 watengeneza kadi wakaufanya biashara.

Tuje kwetu. Ukristo ulipanda milima hii ya Usambara na Walutheri wa Kijerumani, waliofungua kituo cha Mlalo mwaka 1891. Walileta Krismasi, shule, kengele na vitabu vya nyimbo. Siku ya wapendanao hawakuileta, kwa sababu hata kwao ilikuja kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na askari wa Marekani. Wazee waliobatizwa Mlalo, Vuga na Bumbuli walitumiana washenga, wakatoa mahari, wakazeeka na wake zao bila kupeana hata ua moja la plastiki lililofungwa kwenye nailoni.

Wajerumani walimjua Valentino kwa jambo jingine kabisa: kifafa. Kwa karne nyingi Wakatoliki wa huko walimwomba awaombee wenye ugonjwa huo. Na wamisionari wa Usambara walifungamana na Bethel, mji wa huruma wa Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh karibu na Bielefeld, ulioanza mwaka 1867 kama makao ya wagonjwa wa kifafa. Mashemasi wa Bethel ndio waliokuja kuhudumu Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili katika milima hii hii. Walikuwa Waprotestanti, watakatifu hawakuwaomba. Lakini ukitaka kwa nguvu kumuunganisha Valentino na Ukristo wa Usambara, njia inapita wodini. Dukani haifiki.

Utaniuliza, mbona siku ina jina la mtakatifu? Hata ua letu la zambarau linaloota kwenye miamba ya misitu ya Usambara linaitwa Saintpaulia, na Mtume Paulo hahusiki. Ni jina la Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyelipeleka kwao mwaka 1892.

Sina ugomvi na anayemnunulia mkewe kitenge Februari 14. Mpe, na Machi umpe kingine. Ninachokataa ni mhubiri kuipaka biashara mafuta matakatifu, na jirani yake kuigombania kana kwamba anailinda dini yake. Roma yenyewe ilimwondoa Valentino kwenye kalenda yake ya jumla mwaka 1969, kwa kuwa la uhakika lililobaki juu yake ni jina, na kwamba alizikwa kando ya barabara ya Flaminia Februari 14. Bado yumo katika orodha ya wafia dini. Katika orodha ya wafungisha ndoa hajawahi kuwamo.

Mwaka 2018 na tena 2024, Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 14, na Wakatoliki wakatakiwa wafunge na wasile nyama. Itakuwa hivyo tena mwaka 2029. Anayeamini hii ni sikukuu ya Kanisa aende siku hiyo akamwombe paroko wake ruhusa ya karamu.